Fremu Isiyofunika Ukingo

Rabia Mahamudu anaandika mabango mjini Nachingwea. Ukiona saluni iliyochorwa vichwa vya wanawake waliosukwa, au kinyozi mwenye mkasi ukutani mkubwa kuliko mlango wake, au duka la dawa za mikorosho lenye tawi lililoelemewa na mabibo, usiulize sana, ni mkono wake. Kazi hiyo aliipata kwa mchoraji mmoja kutoka Masasi aliyekuja kupaka kuta za baa. Mchoraji akamwona binti anasimama kila siku kumtazama, akachoka kutazamwa, akampa brashi. Baadaye yule bwana akaenda zake, Rabia akabaki na brashi.

Kwao ni Chiola. Baba yake, mzee Mahamudu, ana shamba la korosho ambalo wapita njia hulisifu kwa jinsi miti ilivyosimama kwa mistari. Wanaolisifu hawamtaji aliyelipanda pamoja naye. Alikuwa mke wake wa kwanza, Sikudhani, mama yake Rabia. Walianza wakiwa hawana kitu ila jembe la huyu na jembe la yule. Mwaka wa kwanza mvua ilikatika mapema, miche ikaanza kunyauka, na Sikudhani ndiye aliyeteremka bondeni asubuhi na jioni kuchota maji, akayapandisha kichwani ndoo kwa ndoo, mpaka nywele za utosini zikanyonyoka.

Mikorosho ilipoanza kuzaa vizuri, mzee Mahamudu akaoa mke wa pili, Ashura. Haukupita muda akampa Sikudhani talaka. Sababu aliyoitoa ni kwamba alikuwa amezaa mtoto mmoja tu na hakuelekea kuzaa mwingine. Sikudhani akarudi kwao Nkowe, upande wa Ruangwa, na bunda la nguo na sufuria. Wajomba walikuja kumdai Rabia, maana kwa Wamwera wa zamani mtoto hufuata ukoo wa mama. Mzee Mahamudu akawajibu kwa maneno ya dini, kwamba mtoto ni wa baba. Wakakaa, wakanywa uji, wakaondoka bila mtoto.

Rabia hakuteswa. Ashura alimpakulia chakula sawa na wanawe, akamsuka nywele, akamnunulia sare za shule. Ila jina la Sikudhani halikutajwa katika nyumba ile. Mtoto akiliuliza, watu wazima walianza kuzungumza habari nyingine. Alipokuwa mkubwa wa kuweza kupanda basi peke yake ndipo alipoanza kwenda Nkowe, akamkuta mama yake ni mwanamke mwembamba, mtulivu, asiyejua la kuzungumza naye.

Hayo yote yalikuwa yamelala hadi Rashidy, mtoto wa kwanza wa Ashura, alipowajengea wazazi nyumba mpya. Rashidy ananunua na kuuza ufuta na mbaazi, na mambo yamemwendea vizuri. Nyumba ina vigae chini na madirisha ya alumini. Siku moja alikuja kibandani kwa dada yake.

"Dada, picha za simu kila mtu anazo," alisema. "Mimi nataka mgeni akiingia sebuleni aone ukoo. Baba amekaa, mama yuko pembeni yake, sisi nyuma, na shamba letu. Uichore wewe. Nani mwingine?"

Rabia alifurahi. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumwomba picha, wote waliona kazi yake ni ya kuzurura na makopo. Akatengeneza kiunzi cha mbao, akakivutia kitambaa cha amerikani mpaka kikalia kama ngoma, akakikunja ubavuni na kukipigilia kwa nyuma. Akakipaka rangi nyeupe, ikakauka, akapaka tena.

Akamchora baba yake kitini, kanzu imenyooka. Akamchora Ashura, akamchora Rashidy na wadogo zake, akajichora mwenyewe mwishoni mwa mstari. Nyuma yao akapanga mikorosho. Halafu, upande wa kushoto kabisa, chini ya mti wa kwanza, akamweka mwanamke mwenye ndoo kichwani, amegeuka kidogo, kama anayetoka. Pale kitambaa kilipokunjwa ubavuni hakuacha, aliendelea kuchora: bega, mkono ulioshika ndoo, pindo la kitenge. Nusu ya mwanamke ilikuwa mbele na nusu ikazunguka ukingo. Alijiambia kwamba akimweka mbele zaidi picha itakataliwa, na pembeni watamvumilia.

Rashidy alipokuja kuichukua aliitazama muda mrefu. Macho yake yalikwenda kushoto, yakakaa, yakarudi.

"Umemweza baba," alisema. "Fremu niachie mimi. Nitampa Eliudi."

Eliudi ni fundi seremala, ndiye aliyetengeneza milango ya nyumba ile mpya. Kazi yake ni safi. Rabia alipopita karakana yake kuangalia, alikuta picha imeshavaa fremu pana ya mninga, imechongwa maua kwenye pembe. Baba yake aling'aa katikati. Upande wa kushoto mbao ilikuwa imelala juu ya mwanamke mwenye ndoo, imemfunika mzima mzima. Kilichobaki ni kidole kimoja cha mguu, ambacho mtu asiyejua angedhani ni jiwe.

"Eliudi, umefanya nini hapa?"

"Dada Rabia, fremu zote hula picha kidogo pembeni. Lazima iwe na mdomo wa kuishikia."

"Kidogo? Hii imemeza mtu mzima."

Eliudi aliendelea kupiga msasa mguu wa meza. Halafu akaacha.

"Upande ule kaka yako alisema niupanue," alisema bila kuinua uso. "Nilimuuliza tena kama ana hakika. Akasema ana hakika."

Rabia aliitoa picha kwenye ile fremu, akaondoka nayo. Kwenye simu alimwambia Rashidy kwamba kuna sehemu rangi imebanduka, anairekebisha. Rashidy hakuwa mjinga.

"Dada, usilete maneno," alisema. "Baba ana presha. Na atakayekaa na hiyo picha kila siku ni mama yangu, si wewe."

"Naye mama yangu alikaa na nini kila siku?"

Simu ikakatwa. Hakujua kama ni mtandao au ni Rashidy.

Alikuwa amewahi kuona, katika video za simu, mikono ya mtu asiyeonyesha uso ikitengeneza fremu ya namna nyingine. Haikuwa na mdomo. Picha ilikaa ndani yake kama sahani ndani ya sinia, imeachiwa mwanya pande zote, haigusi mbao popote, imeshikwa kwa nyuma tu. Ukiitazama ukutani unaona picha kama inaelea, na kingo zake zote ziko wazi. Rabia akaamua kutengeneza ya hivyo. Hakutaka kumpa Eliudi, kwa kuwa Eliudi alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi za Rashidy.

Aliomba mabaki ya mninga kwenye mashine ya kupasua mbao, akaazima msumeno na kisanduku cha kukatia pembe. Kila upande ulihitaji vipande viwili: kimoja kipana kinacholala, ambacho mgongo wa picha utakikalia, na kingine chembamba kinachosimama kama ukuta. Ukiviunganisha vinakuwa kama herufi L. Kwenye video ilionekana kazi ya kuchezea. Mara ya kwanza alipima picha barabara, akasahau kuuhesabu mwanya, na fremu ilipokamilika picha haikuingia hata kwa kusukuma. Akaibomoa. Mara ya pili picha iliingia, lakini pembe hazikukutana, moja ilikuwa imeachama kama mdomo wa mamba. Alikaa chini ya kibanda akaitazama, akatukana, akacheka, akaibomoa tena.

Wateja walikuja. Mwenye bucha alitaka ng'ombe wake achorwe upya. "Kesho," Rabia alisema, na kesho yake akasema kesho.

Mara ya tatu alikata pembe taratibu, akaunganisha kwa gundi, akafunga kamba pande zote ili zisiachane, akaiacha ikauke juu ya meza iliyosawazika. Nyufa ndogo zilizobaki alizijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akapiga msasa. Ndani akapaka rangi nyeusi ili mwanya uonekane kama kivuli. Kisha akailaza picha ndani, akapachika vipande vya boksi lililokunjwa kati ya picha na ukuta wa fremu, ili mwanya uwe sawa kila upande, upana wa penseli. Akavigeuza vyote pamoja juu ya godoro, akatoboa matundu madogo kwanza mbao isije ikapasuka, akakaza skrubu kupitia kile kipande kilicholala hadi kwenye kiunzi cha picha. Skrubu moja ilikuwa ndefu, ikaanza kuinua kitambaa upande wa pili. Aliichomoa haraka, akatafuta fupi.

Aliposimamisha picha na kuvuta vile vipande vya boksi, ilibaki imesimama ndani ya mbao bila kuigusa. Akasogea kushoto. Mama yake alionekana mzima, ndoo, bega, mkono, mpaka pindo la kitenge lililopinda kuelekea nyuma. Rabia alilia pale kibandani mchana kweupe, na watu wa bodaboda wakamwona.

Kabla ya kuipeleka Chiola alitaka mama yake aione. Aliifunga kwa shuka na godoro la sponji, akapanda basi hadi Ruangwa, na kutoka hapo akapakiwa kwenye bodaboda hadi Nkowe, picha ameikumbatia kama mgonjwa. Mama yake alikuwa barazani anapukuchua mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini hicho, mlango?"

Rabia aliifungua, akaiegemeza ukutani. Sikudhani alijifuta mikono kwenye kitenge, akasogea. Alikuwa anaona vizuri bado. Alianza katikati.

"Huyu Mahamudu. Kazeeka." Akaendelea. "Huyu Ashura. Kanenepa. Hawa watoto wake. Huyu wewe." Akafika mwisho wa kushoto. "Na huyu anayeondoka?"

"Ni wewe, mama. Unapeleka maji kwenye miche."

Rabia akaanza kumweleza habari yote, jinsi Rashidy alivyomwagiza Eliudi apanue mbao, jinsi yeye alivyoibeba picha, jinsi alivyobomoa fremu mara mbili. Alieleza kwa haraka na kwa fahari. Akamwonyesha mwanya mweusi, akamvuta asimame kushoto auone mkono ulivyozunguka ukingo. Mama yake alimwacha amalize. Halafu akarudi kwenye mbaazi zake.

"Wao waliniweka pembeni kwa sababu hawanitaki," alisema. "Na wewe?"

"Mama, ningekuweka katikati wasingeikubali."

"Nimekuuliza wewe."

Rabia alianza kukunja shuka. Mama yake akasema kitu kwa Kimwera, sentensi ndefu, sauti ikiwa ya chini. Rabia alikulia kwenye nyumba ya Kiswahili, Kimwera anakishika nusu nusu. Alisikia neno la shamba na neno la mtoto.

"Umesemaje, mama?"

"Basi, si kitu." Akaitazama tena picha kwa mbali. "Na hicho kishimo kinachoizunguka kitalala mende. Fremu gani hiyo isiyoshika picha?"

Rabia alirudi na mzigo wake Nachingwea. Angeweza kuificha picha. Lakini Rashidy alikuwa anapiga simu kila siku, wageni wa kufungua nyumba walikuwa wamealikwa, na ndani yake alitaka bado kuona watakachofanya. Akaipeleka.

Sebuleni Chiola walikuwapo mzee Mahamudu, Ashura na Rashidy. Rashidy alipoona fremu ilivyo, uso wake ukabadilika.

"Dada, nilikwambia nini?"

"Uliniambia kuna wa kukaa na picha. Nimeleta, wakae nayo."

Ashura alikuwa amesimama na sinia ya chai. Aliitazama picha, akaweka sinia mezani pole pole.

"Rabia," alisema, "mimi sikumfukuza mtu. Nililetwa hapa, nikamkuta, nikaambiwa ataondoka. Nilikuwa na umri gani mimi?"

"Najua, mama."

"Basi ujue na hilo."

Mzee Mahamudu macho yake yana mtoto wa jicho. Aliinuka na fimbo, akasogea hadi karibu kabisa, akaipitisha pua yake mbele ya picha kama anayeinusa. Alipofika kushoto akasimama. Akapitisha kidole kwenye ule mwanya, akagusa ukingo, akagusa mkono wa rangi ulioshika ndoo.

"Huyu nani?"

Rashidy alitazama vigae. Ashura akaanza kumimina chai.

"Mama yangu, baba," alisema Rabia. "Anabeba maji."

Mzee hakukiondoa kidole. Mbuzi alilia nje.

"Mwaka ule mvua ilikatika mapema," alisema.

Rabia alishika kiti. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia neno lile kinywani mwa baba yake, kwamba kulikuwa na mwaka ule, kwamba kulikuwa na mtu. Alisubiri liendelee. Mzee alirudi kitini, akakaa, akaegemeza fimbo.

"Itundikeni hapo hapo," alisema. "Kazi ni nzuri. Wageni wakiuliza, semeni ni kibarua."

"Mzee," alisema Ashura kwa sauti ndogo. "Hata hivyo." Hakumalizia.

Rashidy alileta nyundo. Uso wake ulikuwa umetulia, jambo limekwisha bila ugomvi. Rabia alisaidia kuishika picha isipinde, kwa kuwa hata akiwa na hasira hakuweza kuiacha itundikwe upande. Siku ya kufungua nyumba wageni waliisifu. Mwalimu mstaafu mmoja alipenda hasa yule kibarua mwenye ndoo, akasema anaipa picha uhai. Rabia alikuwa jikoni anasikia.

Baada ya wiki kadhaa alikwenda Nkowe na kitambaa kipya. Swali la mama yake lilikuwa halimwachi. Alikuwa ameamua: safari hii mama peke yake, katikati, uso mbele, ukubwa wa kujaa picha nzima. Sikudhani alikubali kwa urahisi kuliko alivyotarajia. Alioga, akavaa kitenge cha sikukuu, akakaa kwenye kigoda uani, mikono magotini.

Rabia alikuwa ameshapiga mistari ya kwanza ya mkaa mama yake alipouliza.

"Ile nyingine uliipeleka?"

"Niliipeleka."

"Baba yako kasemaje?"

Mkaa ukasimama kitambaani. Rabia alimtazama yule mwanamke aliyejipaka mafuta usoni, shingo ameinyoosha ili achorwe vizuri. Neno la kibarua lilikuja hadi mdomoni. Akalimeza.

"Alikugusa pale pichani," alisema. "Akasema mwaka ule mvua ilikatika mapema."

"Kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Na hakuwa amesema uongo. Sikudhani aliinamisha uso, mabega yakatikisika, na Rabia akadhani analia. Alikuwa anacheka kimya kimya, kama msichana.

"Kumbe anakumbuka," alisema. "Mimi nilidhani yule kasahau kila kitu." Akajifuta macho. "Basi mweke na yeye. Hapa, upande wangu wa kulia."

"Mama!"

"Nini?"

"Nimekuja kukuchora wewe. Wewe peke yako."

"Peke yangu nimekaa miaka yote hii, mwanangu. Na kwenye picha nako nikae peke yangu? Lile shamba tulipanda wawili. Mchore kijana, na jembe lake. Alikuwa na jembe la mpini mfupi."

Rabia alitaka kumwambia. Zaidi ya mara moja alifungua mdomo siku ile, na kila alipofungua alimwona mama yake amesogea kidogo kwenye kigoda, ameacha nafasi kuliani. Mwisho akauliza tu jembe lilikuwa la namna gani, na baba alikuwa ananyoa au anafuga ndevu. Sikudhani alikumbuka yote. Alieleza mpaka shati.

Picha ilimalizika. Mama yake alikataa katakata fremu ya mwanya. Akataka ya watu, inayobana picha pande zote, na Eliudi akaitengeneza vizuri, safari hii bila kupanua upande wowote. Inaning'inia Nkowe, ukutani panapotazamana na mlango: mwanamke kijana na mwanamume kijana, majembe begani, miche miguuni pao. Majirani wakija Sikudhani huwaonyesha. "Huyu baba yake Rabia," husema. "Tumeachana, lakini hakunisahau. Muulizeni mtoto."

Majirani humgeukia Rabia, naye hutikisa kichwa kukubali. Kisha huvuta mkeka akauweka upande wa pili, akakaa ameupa ukuta ule mgongo, wakala ugali na kisamvu, mama yake akiendelea kuzungumza.